Kuyumba Bila Kileo

Jicho la kulia ndilo lililoanza. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili nje kidogo ya Ndhiwa, kijana ambaye hajafika thelathini, ninaishi peke yangu katika nyumba ya walimu yenye chumba kimoja na jiko la nje. Asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nasahihisha insha nikaona wino wangu mwekundu umegeuka kahawia. Nilidhani kalamu imeharibika. Nikachukua nyingine, ikawa vilevile. Kisha, kwa kucheza tu, nikafumba jicho la kulia, na wekundu ukarudi. Nikafumba la kushoto: kahawia.

Kufikia mwisho wa juma jicho lile lilikuwa linaona kama linatazama kupitia chupa iliyopakwa mafuta. Nikigeuza macho kuangalia pembeni nilisikia maumivu nyuma ya mboni, kana kwamba mtu anavuta uzi huko ndani. Zahanati walinipa dawa ya matone. Baada ya majuma kadhaa uoni ulirudi polepole, karibu wote, nami nikamshukuru Mungu na yule mtoa dawa, nikasahau. Sikuwa nimemwambia mtu, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunikumbusha.

Mwaka uliofuata ikawa miguu. Nilikuwa nikinawa uani jioni nikagundua kwamba mguu wa kulia unasikia baridi ya maji na wa kushoto hausikii. Nilimwaga tena. Niliona maji yanapita juu ya ngozi, lakini ilikuwa kama kutazama mguu wa mtu mwingine. Siku zilizofuata nilitembea kama niliyevaa soksi nene, hata nikiwa pekupeku. Nilijikwaa kwenye kizingiti cha darasa, kisha kwenye jukwaa la gwaride, kisha mahali pasipo na kitu chochote. Wanafunzi walicheka kidogo, kwa adabu.

Halafu ukaja umeme. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa, na mtu wa kanisa huinamisha kichwa mara nyingi kwa siku kuliko anavyofikiri. Kila kidevu changu kilipogusa kifua, kitu kilinipiga kutoka shingoni mpaka kiunoni na kushuka kwenye mapaja, haraka, kama nimeshika waya ulio wazi. Hakikuumiza sana. Kilitisha. Mara ya kwanza nilifungua macho katikati ya sala nikatazama nyuma, nikidhani kuna aliyenichapa. Watu wote walikuwa wamefumba macho. Baada ya hapo nikawa ninaomba kichwa kikiwa juu, nikitazama ukuta.

Nilikuwa na mchumba. Alikuwa nesi Migori, msichana wa maneno machache na mikono ya haraka, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakutana. Tulionana Jumapili moja moja, kila mmoja akipata nafasi. Nilimweleza habari za mguu nikizifanya kama mzaha. Hakucheka. Alichukua pini kutoka kwenye kola ya sare yake akaniambia nifumbe macho.

“Hapa unasikia?”

“Nasikia.”

“Na hapa?”

“Umeshaanza?”

Nilipofungua macho, alikuwa ameinua pini na ananitazama usoni. “Mwalimu,” akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, “nilikuwa nimekuchoma mpaka damu imetoka.”

Aliniambia niende hospitali kubwa. Niliahidi kwenda muhula ukiisha. Lakini kabla muhula haujaisha ikaja Sabato ile.

Kanisa letu lilikuwa la mabati bila dari, na msimu ulikuwa wa kiangazi. Nilikuwa mwalimu wa somo la Sabato, kazi niliyopewa na mzee wa kanisa mwenyewe, mkulima wa miwa kutoka upande wa Awendo, mtu mpole aliyenipokea kama mwanawe nilipohamia Ndhiwa. Asubuhi hiyo watu walikuwa wengi, wageni wametoka makanisa jirani, na joto lilikuwa linashuka kutoka juu kama pumzi ya tanuri. Nilisimama mbele, nikafungua Biblia, na mistari ikawa miwili miwili. Nilijaribu kusoma. Nilisikia ulimi wangu unaburuta maneno, unayameza mwisho. Nikasimama kidogo nikanywa maji, nikaanza upya, ikawa mbaya zaidi. Kisha nikashuka kwenye ngazi ile ndogo ya mimbari kwenda kukaa, na mguu wa kushoto haukuja pamoja nami.

Nilianguka juu ya wanakwaya. Mtu mmoja aliita jina la Bwana kwa sauti. Walioninyanyua walikuwa vijana wawili, na mmoja wao, nakumbuka vizuri, alileta pua yake karibu na mdomo wangu kabla hajaleta mkono.

Nililazwa nje chini ya kivuli cha ukuta, wakaniacha. Ndani niliwasikia wakiimba. Upepo wa kutoka ziwani ukavuma, mwili ukapoa, na baada ya muda usiozidi wimbo na sala nilikuwa naona sawasawa na ninazungumza vizuri kabisa. Hilo ndilo lililonimaliza. Mgonjwa hubaki mgonjwa. Mtu anayeyumba saa nne na kupona saa tano, watu wanajua jina lake.

Baraza la kanisa liliniita juma lililofuata. Tulikaa kwenye viti vya watoto wa chekechea, maana ndivyo vilivyokuwa katika chumba kile.

“Ndugu mwalimu,” mzee alianza, “hatujakuita kukuhukumu. Tunakuuliza tu kama familia. Sabato ile ulikunywa nini?”

“Maji, mzee. Na uji asubuhi.”

“Uji wa namna gani?”

“Wa mtama. Haukuwa umechacha.”

Alikuwapo mama mmoja shemasi, mwanamke mwema aliyewahi kuniletea samaki nikiwa na homa. Aliinua mkono. “Mimi nina swali jingine. Siku hizi tukiomba huinamishi kichwa. Watoto wanakuona. Wameanza kuuliza kama ni sawa.”

“Nikiinama,” nilisema, “umeme unapita mgongoni.”

Nilijisikia nikisema hivyo. Hakuna namna ya kuisema sentensi hiyo mbele ya watu ikasikika kama sentensi ya mtu mzima.

“Umeme,” mzee akarudia polepole. Hakuwa na dharau. Alikuwa na huzuni, na ningependa zaidi dharau.

Waliamua nipumzike na huduma zote mpaka nitakapokuwa sawa. Waliomba kwa ajili yangu. Wote waliinama, nami nikainama pia safari hiyo, umeme ukanipitia, nikauma meno.

Shuleni habari zilifika kabla yangu. Mwalimu mkuu alianza kunisalimia kwa kunisogelea karibu sana, kama mtu mwenye siri ya kuniambia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananusa. Katika chumba cha walimu mazungumzo yalishuka nilipoingia na kupanda nilipotoka. Wavulana wa kidato cha nne walikuwa na mwendo wao waliouita wa mwalimu, na siku moja niliuona nikiwa dirishani: mguu mmoja unatupwa pembeni, mkono unatafuta ukuta. Walikuwa wameupatia sawasawa. Kabla ya hapo sikuwa nimejiona.

Pombe ilikuwa tuhuma ya mchana. Tuhuma nyingine watu waliinong'ona. Ilikuwa miaka ile ambapo kila juma kulikuwa na jeneza linapita kuelekea boma fulani, na kijana anayekonda alikuwa na maana moja tu. Nami nilikuwa nimeanza kukonda, kwa kuwa kupika karibu na moto kulinifanya nisione, nikawa ninakula ndizi na mkate.

Mama yangu aliishi kijijini karibu na mji wa Homa Bay, upande ambao magugu maji yalikuwa yameanza kufunika ghuba. Baba alikuwa ameshafariki. Nilipokwenda kumwona nilikuta ndugu za baba wameshamwambia ugonjwa wangu ni chira, laana ya mwiko uliovunjwa, kwa sababu niliondoka nyumbani bila kujenga simba, ile nyumba ya kijana katika boma la baba yake. Mama alikuwa Msabato kama mimi. Alijua hapaswi kuamini. Lakini nilipofika nilikuta nguzo zimeshasimamishwa na kuta zimekandikwa udongo nusu.

“Wuoda,” akaniambia, mwanangu, bila kunitazama, “nyumba haidhuru mtu. Kama si chira, utakuwa na mahali pa kulala tu.”

Mchumba wangu ndiye aliyenishika mkono. Alikuja Ndhiwa siku ya katikati ya juma, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akaniambia tuanze na kile ambacho kila mtu anakifikiria. Tukapima damu sote wawili. Hatukuwa na virusi vya ukimwi. Nilitaka kubandika majibu yale kwenye mlango wa chumba cha walimu. “Hawataamini,” alisema, na ni kweli, niliowaambia hawakuamini. “Sasa tunajua si hilo. Tutafute ni nini.”

Katika hospitali ya misheni alikokuwa akifahamiana na watu, kulikuwa na daktari wa macho aliyekuja mara moja moja kutoka mbali. Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya miguu, lakini foleni ya macho ilikuwa fupi, na jicho lilikuwa limeanza tena kufifia kila nikipata joto. Alinimulika, akanimulika tena. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza:

“Mwalimu, umewahi kupata shida nyingine yoyote mwilini, ikaja, ikakaa majuma, halafu ikaondoka yenyewe?”

Nilianza na wino mwekundu. Nikaenda kwenye mguu usiosikia maji, kwenye umeme, kwenye ulimi, kwenye kibofu ambacho siku nyingine kilinikimbiza msalani darasa likiwa katikati na siku nyingine kiligoma kabisa. Nilizungumza mpaka nesi akachungulia mlangoni. Yule daktari alikuwa ameacha kuandika.

“Hayo yote ni kitu kimoja,” akasema. “Nadhani. Lakini si mimi wa kukwambia. Kuna daktari bingwa wa neva Nairobi. Nenda kwake.”

Nilipotoka nje nilikaa kwenye benchi nikalia. Nilikuwa nimefurahi kusikia kwamba ni kitu kimoja.

Nairobi nilifikia kwa rafiki niliyesoma naye chuo. Daktari bingwa alikuwa mtu mfupi, wa makamo, mwenye tai iliyolegea, na jambo la kwanza alilofanya ni kuniomba nitembee kwenye ukumbi, niende na kurudi, yeye ameketi tu anatazama. Hakunikaribia kunusa. Alinigonga magoti kwa nyundo ndogo, akanikwaruza nyayo, akaweka kwenye kifundo cha mguu kipande cha chuma kinachotetemeka akaniuliza mtetemo unakoma lini. Upande wa kushoto sikujua hata kama umeanza. Baadaye nikatolewa maji ya uti wa mgongo, na nikaingizwa kwenye mashine ya kupiga picha kwa sumaku, ambayo siku hizo nchini ilikuwa jambo la kusimuliwa. Inagonga kama mafundi wa mabati. Nililala ndani yake nikafikiria kanisa letu.

Siku ya majibu alibandika picha mbele ya taa. Ubongo wangu ulikuwa wa kijivu, na ndani yake kulikuwa na madoa meupe hapa na pale, kama chokaa iliyomwagika.

“Unaitwa multiple sclerosis,” alisema. “Wengi husema MS. Neva zetu zina ala, kama waya wa umeme ulivyo na plastiki yake. Kwako wewe kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, imeigeukia ala hiyo inaila. Pale ilipoliwa, ujumbe unachelewa au haufiki. Mwili ukipata joto unachelewa zaidi.”

“Kwa hiyo nilipoanguka kanisani...”

“Lilikuwa joto. Hukuwa unakufa, na hukuwa umelewa.”

Nilimwomba arudie. Alirudia, neno kwa neno, bila kuuliza kwa nini.

Nikamuuliza kama kuna dawa. Aliegemea nyuma. “Ya kuuondoa, hapana. Ng'ambo wameanza kutumia sindano fulani za kupunguza mashambulizi, lakini huku hazijafika na sitaki kukudanganya kwamba utazipata. Shambulio kubwa likija, tunayo dripu ya steroidi ya kulifupisha. Mengine yote ni namna ya kuishi, na hayo nitakufundisha. Utakuwa mwanafunzi mzuri, wewe ni mwalimu.”

“Umeona wangapi kama mimi?”

“Wachache. Wengi wao si watu wa rangi yetu. Wa kutoka kwenu, wewe ndiye wa kwanza.” Akaona uso wangu. “Wapo wengine, nina hakika. Hawajanifikia tu.”

Nilirudi na jina. Nilikuwa nimedhani jina litanirudisha kwa watu.

Nilimweleza mama kwa Kijaluo, nikakuta sina maneno. Nilitumia waya, nikatumia ala, nikatumia askari wanaopiga watu wao. Alisikiliza mpaka mwisho huku akitenganisha mawe na maharagwe. “Na unaua?” akauliza. Nilimwambia si haraka, na wengi hawafi kwa ugonjwa wenyewe. “Na unaambukiza?” Hapana. “Na nani mwingine anao?” Nikasema sijui. Akaweka ungo chini. “Mos,” akasema, pole, kama tunavyomwambia mtu aliyejikwaa. Baadaye nikamsikia akimwambia jirani kwamba ni mambo ya neva, na jirani akajibu kwamba hata yeye ana neva, akiudhiwa na watoto.

Mzee wa kanisa nilimpelekea maelezo mwenyewe. Alinisikiliza nje ya nyumba yake, malori ya miwa yakipita barabarani na kuangusha mabua. Nilipomaliza alivua kofia.

“Basi tulikukosea.”

“Hamkujua, mzee.”

“Hatukujua. Na hatukutaka kujua.” Sabato iliyofuata alisimama mbele ya kanisa akalisema hilo kwa sauti. Nilirudishiwa darasa langu. Watu walinishika mkono mmoja mmoja. Lakini nilipofundisha, safu ya mbele ilikaa kama watu walio kando ya mti unaokatwa, na hakuna aliyeninunia wala kunipinga tena kwenye somo. Walinionea huruma, na mtu anayeonewa huruma habishiwi. Baada ya miezi michache niliomba kuacha, nikakaa safu ya nyuma karibu na dirisha, palipo na upepo.

Mchumba wangu nilimfuata Migori. Tuliketi kwenye benchi nje ya nyumba za manesi, nguo zao nyeupe zimeanikwa mbele yetu. Alikuwa ameshatafuta kitabu cha utabibu hospitalini akakisoma.

“Nimesoma sura yote,” alisema.

“Imesema nini?”

“Imesema hakuna anayejua. Mmoja anatembea mpaka uzee, mwingine yuko kitandani baada ya miaka michache.” Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya aproni. “Mwalimu, mimi nauguza watu kutwa. Siogopi kazi. Naogopa siku moja nije nyumbani nikutazame kama ninavyotazama wodi.”

Nilitafuta jambo la kusema ambalo lingembakisha. Nilikuwa nafundisha Kiswahili miaka yote ile, na sikulipata. Nikamwambia naelewa. Alinisindikiza mpaka barabarani, ananishika kiwiko pale penye mfereji, kama nesi, kisha akagundua anavyonishika, akauachia mkono. Wazee walimaliza mambo yao kwa amani. Baadaye aliolewa na mtu wa Rongo. Sikumlaumu wakati ule, wala sasa simlaumu, lakini kwa muda mrefu sikuweza kupita Migori mchana.

Kilichobaki ni masomo ya daktari, nami niliyashika kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kushika. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa ameacha kuninusa, alikubali nifundishe vipindi vya asubuhi tu, kabla jua halijakomaa. Nilifundisha nimekaa, kitambaa kilicholowa shingoni, na mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri akaandika ubaoni. Nilijifunza kupumzika kabla sijachoka, jambo gumu kuliko yote, maana mtu anayelala saa sita mchana akiwa na nguvu zake anaonekana mvivu. Uchovu wa ugonjwa huu si wa kazi. Unakuja kama mtu amezima taa, na hauonekani kwa nje. Kila alfajiri nilinyoosha miguu kwenye mkeka kama alivyonionyesha mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nikishikilia mguu wa kitanda. Nilinunua fimbo. Kwa muda nilikwenda nayo gizani tu, kisha nikaizoea.

Na malaria. “Kwenu huko,” daktari alikuwa ameniambia, “homa itakutania. Ukiona dalili zote zimerudi kwa mpigo, usilie kwanza. Pima malaria. Homa ikishuka na miguu ikarudi, lilikuwa joto tu. Isiporudi, nipigie simu.” Mara nyingi ilikuwa malaria. Nililala ndani ya chandarua siwezi kuinua goti, nikisubiri vidonge vishushe homa ili nijue kama bado nina miguu. Saa zile za kusubiri sijawahi kuweza kumweleza mtu. Mama, aliyekuja kuniuguza, alikaa mlangoni akasema Zaburi, na kati yangu na yeye palikuwa na chandarua tu, lakini nilijiona niko mbali naye, mahali ambapo sauti inafika ila mtu hafiki.

Nilikuwa nimeshahamishiwa shule iliyo karibu na nyumbani, naishi katika simba niliyojengewa, zilipokuja mvua za El Niño. Safari hiyo haikuwa malaria. Niliamka miguu yote miwili imekufa kuanzia kiunoni, mkono wa kushoto hauwezi kushika kikombe. Kipimo cha damu kilikuwa safi. Mvua ilikuwa imekata barabara, madaraja yamekwenda, hakuna basi la Nairobi. Ndugu za baba walinibeba kwenye machela ya magunia mpaka hospitali ya misheni, matope yakiwafika magotini, na hakuna aliyeuliza safari hiyo kama ni chira.

Daktari kijana wa zamu hakuwa amewahi kuuona ugonjwa huu. Alisema hivyo waziwazi, nikampenda kwa hilo. Nilimpa namba ya daktari wangu. Simu ya hospitali ilikuwa inakatika kila baada ya sentensi, naye akasimama dirishani akipiga na kupiga, huku mimi nikiwa nasikia upande mmoja tu: “Ndiyo, daktari... kwa dripu... polepole... sukari, ndiyo, nitaipima... Anazungumza? Ndiyo, ana akili zake zote.” Alinigeukia na simu mkononi. “Anataka kuzungumza na wewe.”

Sauti yake ilitoka mbali sana, imejaa mchakacho wa mvua.

“Mwalimu, unanisikia?”

“Nakusikia, daktari.”

“Hili ni shambulio. Utapata dripu siku kadhaa. Utakosa usingizi, utasikia ladha ya chuma mdomoni, ni kawaida. Miguu itarudi. Siahidi yote.”

“Sawa.”

“Uko na nani hapo?”

Nilitazama wodi. Mama alikuwa amekwenda kutafuta maji moto. “Niko na watu,” nikamjibu.

Ladha ya chuma ilikuja. Usingizi ulikwenda. Juma la pili kidole gumba cha mguu wa kulia kilisogea, nami nikakitazama kama mtu anayetazama mgeni akishuka kilima. Ilichukua miezi kusimama, na zaidi kutembea. Wa kulia ulirudi vizuri. Wa kushoto ulirudi nusu, ukabaki hivyo.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaisha, nilikwenda Nairobi kama kawaida yangu. Daktari alinitazama nikitembea na fimbo, akasema natembea kuliko alivyotarajia. Kisha akasema, “Nimepata mwingine wa kutoka kwenu. Mwanamke wa Kisegi, kule ziwani, anauza samaki. Amekuja mara moja tu. Amekubali nikwambie habari zake, lakini nadhani hakuamini nilichomweleza. Labda akikuona wewe.”

Sikumbuki nilivyofika kwenye basi. Miaka yote ile nilikuwa nimejizoeza kutokuwa na mtu, na sasa nilikuwa natunga maswali kama mvulana anayekwenda kuposa. Je, yeye rangi nyekundu anaionaje? Anapikaje? Akiwaambia watu amechoka, wanamjibu nini?

Nilikwenda Kisegi asubuhi na mapema, kabla ya joto. Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya soko, omena, dagaa wa ziwani, wameanikwa uani. Mama mzee alinipokea, akanipa kiti. Nilipomtaja binti yake akakaza uso.

“Binti yangu si mgonjwa.”

“Ndiyo, mama.”

“Amekwenda upande wa Tanzania, kwa watu wa maombi. Watamtoa hicho kitu.”

Sikubishana. Nilimwomba maji ya kulowesha kitambaa changu, nikajifunga shingoni. Alinitazama nikifanya hivyo. Akatazama fimbo, akatazama mguu wa kushoto. Kisha akaingia ndani akaleta uji, akaketi karibu.

“Yeye akipika anaangusha vyungu,” alisema kwa sauti ya chini. “Nilimpiga kwa hilo.”

Nikamweleza habari za moto na joto. Nikamweleza apike yeye mama, binti akae penye upepo. Homa ikija apimwe malaria kwanza. Akilala mchana asiitwe mvivu. Alirudia kila jambo baada yangu, kwa Kijaluo, akilikunjia kidole. Nilimwachia maelekezo ya kufika kwangu, nikaondoka jua likianza kuuma.

Nilisikia baadaye kwamba binti alirudi kutoka kwa watu wa maombi, na kwamba alikwenda tena Nairobi, safari hii akakaa mpaka akamaliza vipimo. Daktari ndiye aliyeniambia. Alisema mama yake alikuja naye, na kwamba alikuwa na maswali mazuri.

Kwangu hakuja. Kwa muda nilikuwa nikisikia mbwa akibweka uani natoka mlangoni kutazama. Kisha nikaacha kutoka. Nilirudi kwenye vipindi vyangu vya asubuhi, na mchana nikalala nikiwa bado na nguvu.